Kutengeneza laini mbovu ya simu mezani: mwongozo wa kupima modemu na faksi

Modemu mbili zilizounganishwa kwa waya wa mita mbili hazigombani. Zinashikana kwa kasi ya juu kabisa, faili inapita bila kosa, nawe unaandika "sawa" kwenye karatasi ya vipimo. Kisha kifaa kinafungwa kwenye laini yenye kilomita tano za shaba, kiungo kilichoshika kutu na mwangwi unaorudi kutoka kwenye mtambo wa simu, na malalamiko yanaanza. Kukimbilia laini mbovu ya kweli hakusaidii sana: leo kebo imelowa, kesho imekauka, na hitilafu ya jana haionekani tena. Kinachotakiwa ni ubovu unaopimika kwa namba, unaowashwa na kuzimwa, na unaorudi uleule ukiuhitaji mwezi ujao.

Wengi wanaoanza kazi hii huenda moja kwa moja kwenye kelele ya mfululizo, ile ya shhh, wakaiongeza mpaka modemu isalimu amri. Kipimo hicho kina kazi yake, ila ndicho chepesi kuliko vyote. Kelele iliyokuwepo tangu simu inaanza, modemu huisikia, huipima na kuchagua kasi inayoiweza. Kifaa kizuri na kibaya hutenganishwa na ubovu unaoingia baada ya makubaliano: mkatiko wa sehemu ya kumi ya sekunde, mpasuko wa kelele kila sekunde tano, ishara inayoshuka ghafla. Kwa hiyo katika kila hatua hapa chini andika mambo mawili: ubovu ulikuwa kiasi gani, na uliingia wakati gani wa simu.

Kabla ya kugusa waya

Usiunganishe kitu chochote cha mwongozo huu kwenye laini ya umma. Kila kitu kibaki mezani kwako. Laini ya kweli, au ya swichibodi (mtambo mdogo wa simu wa ofisini), huwa na volti 48 hivi za mkondo mnyoofu ikiwa imetulia, na kengele inapolia huongezewa mkondo geu wa volti 75 hadi 90 kwa 20 au 25 Hz. Ukijumlisha kilele chake unakaribia volti 175, ndiyo maana kapasita zote zinazogusa laini ziwe za volti 250 au zaidi. Kompyuta nayo isiguse laini moja kwa moja. Ipitie kwenye transfoma ya sauti ya omu 600 kwa omu 600, vinginevyo utaingiza mvumo wa umeme wa nyumba halafu uulaumu mtambo.

Hatua ya 1: Lisha laini

Modemu ikiinua simu hutegemea mkondo wa laini, kwa kawaida miliampea 20 na kuendelea. Njia rahisi ni swichibodi ndogo ya analojia: inatoa mlio wa kupigia, inapiga kengele, na faksi zitaiona kama laini ya kawaida. Kama huna, tumia chanzo cha volti 24 na ulishe kila upande kupitia rezista mbili za omu 300, moja kwa kila waya, zenye uwezo wa wati 1. Modemu iliyoinua simu itapata karibu miliampea 28. Rezista hizo zitakula desibeli tatu na nusu hivi za ishara kwa kila upande, si neno, ilimradi unajua.

Baada ya ulishaji, weka kapasita ya mikrofaradi 4.7 kwenye kila waya, kisha transfoma ya 600 kwa 600. Fanya hivyo pande zote mbili. Katikati, kati ya transfoma na transfoma, unapata sehemu isiyo na mkondo mnyoofu hata kidogo. Hapo ndipo ubovu mwingi utaingizwa, na faida yake utaiona tukifika kwenye mikatiko.

Kwa kuwa njia hii ya pili haina mlio wa kupigia wala kengele, iambie modemu ya kwanza isiusubiri mlio huo, kwa amri `ATX1D`, na modemu ya pili ipe mara moja amri ya kujibu, `ATA`. Faksi utazianzisha kwa mkono, upande mmoja kutuma na mwingine kupokea.

Hatua ya 2: Pima laini safi kwanza

Usiruke hatua hii hata kama matokeo unayajua. Piga simu ishirini bila ubovu wowote, uandike kasi ya kuanzia, kasi ya mwisho na muda wa kupeleka faili ileile. Faili iwe imebanwa tayari, kama zip, maana ukipeleka maandishi ya kawaida ubanaji wa V.42bis, ule ambao modemu hufanya yenyewe, utakudanganya. Ni bora zaidi kuzima ubanaji kabisa. Usahihishaji wa makosa wa V.42 uwe na matokeo ya aina mbili: ukiwa umewashwa, ili uone mtumiaji atakachokiona, na ukiwa umezimwa, ili uone makosa yenyewe. Ukiwashwa tu, laini inayooza itaonekana kama faili inayochelewa, basi.

Pima pia kiwango cha ishara. Rejea ni 0 dBm (desibeli zikilinganishwa na miliwati 1), yaani volti 0.775 kwenye omu 600. Modemu nyingi hutuma karibu −10 dBm, ambayo ni milivolti 245. Niliwahi kupoteza siku mbili nikitafuta kosa ndani ya modemu, kumbe ni klipu iliyokuwa inashika nusu. Namba za laini safi zingenionyesha hilo ndani ya dakika tano.

Hatua ya 3: Ongeza umbali

Umbali hufanya mambo mawili tofauti, na ni vizuri kuyatenganisha.

La kwanza ni kupunguza ishara yote kwa usawa. Hapa tumia vipunguzi vya rezista tano: mbili kwenye kila waya, na moja ikikatiza katikati kutoka waya hadi waya. Kwa laini ya omu 600, rezista nne za pembeni na ile ya kukatiza ni hizi: kwa desibeli 5, omu 84 na 987; kwa desibeli 10, omu 156 na 422; kwa desibeli 20, omu 245 na 121. Chukua thamani za karibu zaidi za asilimia 1. Vitatu hivyo, vikiwa na swichi, vinakupa hadi desibeli 35 kwa ngazi za tano tano. Mapendekezo ya V.22bis na V.32 (viwango vya kimataifa vya modemu, kama V.34 na V.21 huko mbele) yanataka modemu iitambue ishara iliyo juu ya −43 dBm na iihesabu kuwa imepotea ikishuka chini ya −48. Shuka polepole uone yako inaachia wapi, kisha panda uone inarudi wapi. Pengo kati ya sehemu hizo mbili lisipokuwepo, modemu itakuwa inawaka na kuzima kwenye laini iliyo mpakani.

La pili ni kwamba shaba hula masafa ya juu zaidi ya yale ya chini. Kebo ya waya wa milimita 0.4 ina omu 280 hivi kwa kilomita, kwenda na kurudi, na nanofaradi 50 hivi. Kwa hiyo kilomita moja ya bandia ni rezista nne za omu 70, mbili kwa kila waya, na kapasita ya nanofaradi 50 ikikatiza katikati yake. Panga tano mfululizo. Kwa 1,000 Hz kila kilomita itakula karibu desibeli 1.8, na kwa 3,000 Hz zaidi ya 3. Kilomita tano zinaacha tofauti ya desibeli saba kati ya masafa hayo mawili. V.34 hutuma milio ya kupima kuanzia 150 hadi 3,750 Hz mwanzoni mwa simu, hivyo mteremko huo itauona na kuchagua kasi ya alama (idadi ya alama kwa sekunde) inayofaa. Modemu za zamani hazina upimaji huo, hutegemea kisawazishi chao tu, yaani kichujio kinachofidia masafa yaliyopungua.

Linganisha rezista za waya mmoja na za mwenzake kwa uangalifu. Laini yenye nyaya mbili zisizolingana huokota mvumo wa umeme. Na hapo kuna kipimo cha bure: ongeza omu 100 kwenye waya mmoja tu, umepata kiungo kilichoshika kutu. Weka kilo-omu 20 kati ya waya mmoja na ardhi, umepata kebo iliyolowa.

Hatua ya 4: Kelele ya mfululizo

Tengeneza kwenye kompyuta faili ya kelele nyeupe iliyochujwa iwe kati ya 300 na 3,400 Hz. Itoe kupitia transfoma, kisha rezista ya kilo-omu 4.7 kwa kila waya, hadi kwenye laini. Rezista hizo kubwa hufanya laini isijue kama umeigusa. Volti 1 ya kompyuta itafika kwenye laini ikiwa milivolti 31 hivi, karibu −28 dBm, nawe utairekebisha kwa kitufe cha sauti.

Makosa matatu hurudiwa kila mara hapa. La kwanza ni kutochuja. Kelele iliyosambaa hadi 20,000 Hz ukiipima yote, ni sehemu ndogo tu inayoingia kwenye laini. Utaandika uwiano wa ishara kwa kelele ulio mbaya kwa desibeli 8 kuliko ule ambao modemu iliuona kweli, na kifaa kitaonekana shujaa. La pili ni multimita ya kawaida, ile inayopima wastani na kuuonyesha kana kwamba ishara ni wimbi laini: kwa kelele ya aina hii husoma desibeli 1 pungufu. La tatu ni mahali pa kuingizia. Kelele iingie upande wa mpokeaji, baada ya vipunguzi. Ukiiingiza kabla, vipunguzi vitapunguza kelele na ishara pamoja, uwiano utabaki uleule, nawe utashangaa kwa nini umbali haubadilishi kitu.

Anza na uwiano wa desibeli 40, ushuke mbili mbili hadi 10. Ili ujue unachoweza kutarajia, tumia kikomo cha Shannon, yaani kasi ya juu kabisa ambayo nadharia inaruhusu: kwa upana wa 3,100 Hz, desibeli 30 haziwezi kubeba zaidi ya biti 30,900 hivi kwa sekunde, na desibeli 20 haziwezi kuzidi 20,600. Modemu halisi itakuwa chini ya hapo. Ikionekana juu yake, kosa ni la kipimo chako.

Hatua ya 5: Ubovu wa ghafla

Hapa tumia muda wako mwingi.

Mikatiko kwanza. Weka rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) ya haraka katikati, kwenye ile sehemu isiyo na mkondo mnyoofu, ikate waya kwa muda unaoutaka. Ukiikata laini upande wenye mkondo mnyoofu, modemu au swichibodi itadhani simu imekatwa, nawe utakuwa unapima kitu kingine kabisa. Acha simu ishike kwa dakika moja, kisha kata milisekunde 10, 50, 100, 300, halafu sekunde 1, kila mara ukiiacha dakika nzima ipumue. Tazama kama modemu inaendelea, inajifunza laini upya, inashuka kasi, au inakata simu. Kwenye modemu nyingi rejista S10 ndiyo inayoamua ivumilie ukimya kwa muda gani kabla ya kukata, ikihesabu kwa sehemu za kumi za sekunde. Thamani ya kiwandani mara nyingi ni 14, yaani sekunde 1.4. Kata sekunde 1.2 na kisha 1.6. Kama zote mbili zinaua simu, S10 haiheshimiwi.

Jambo ambalo vipimo vingi husahau: baada ya kushuka kasi, je, inapanda tena? Irudishe laini kuwa safi uisubiri dakika kumi. Modemu inayobaki chini mpaka mwisho wa simu kwa sababu ya mkatiko mmoja haijafeli kipimo chochote kilichoandikwa, lakini mtumiaji ataichukia.

Rilei hiyohiyo ukiifanya ipite juu ya kipunguzi cha desibeli 5 badala ya kukata waya, unapata ishara inayoruka juu na chini ghafla. V.32bis na V.34 hubeba habari kwenye ukubwa wa wimbi pamoja na awamu yake, hivyo mruko huo huzisumbua. V.21, inayotumia milio miwili tu kwa kila upande, haitauhisi.

Halafu kelele za mpasuko. Kwenye kompyuta tengeneza faili yenye mipasuko ya milisekunde 1, 5 na 10, kila baada ya sekunde tano, yenye kiwango sawa na cha ishara, kisha desibeli 6 zaidi. Kwa kasi ya biti 14,400 kwa sekunde, milisekunde 10 ni biti 144 zilizoharibika kwa mkupuo.

Kwa faksi mipasuko hii ni mtego hasa. Kabla ya ukurasa, faksi inayotuma hupeleka kipimo cha mafunzo, sekunde 1.5 za sifuri tupu kwa kasi iliyopendekezwa. Mpokeaji akiridhika, ukurasa unaanza. Mpasuko wa kila sekunde tano unaweza kukikosa kabisa kipimo hicho cha sekunde moja na nusu, kasi ya 14,400 ikapitishwa, kisha ukurasa wa nusu dakika ukapigwa mara sita. Kelele ya mfululizo haiwezi kukuonyesha hilo hata ukeshe. Sogeza faili ya mipasuko uone pande zote mbili: mpasuko ukiangukia ndani ya mafunzo, na mpasuko ukiangukia nje.

Mtikisiko wa awamu na kuhama kwa masafa huhitaji ishara ipite ndani ya kompyuta, igawanywe kwenda na kurudi. Kama unacho kifaa cha kugawanya, jaribu mtikisiko wa 50 au 60 Hz. Kuhama kwa masafa kulikuwa tatizo la mitambo ya zamani ya analojia, na mapendekezo ya modemu yanataka uvumilivu wa Hz 7 kwenda juu au chini. Kwenye mitandao ya kidijitali hakupo; kipimo chake mimi hukiruka.

Hatua ya 6: Laini inayopita kwenye intaneti

Laini nyingi leo ni shaba ya mita chache, adapta, kisha pakiti. Chukua adapta mbili za kuunganisha simu na intaneti, seva ya simu katikati, na kompyuta ya Linux yenye kadi mbili za mtandao ikiwa njiani. Lazimisha G.711 (kodeki, yaani njia ya kugeuza sauti kuwa namba, ya kawaida ya simu), zima ukatizaji wa ukimya, na kama unapima faksi yenyewe zima T.38 (adapta kuisoma faksi na kuituma kama data), la sivyo utakuwa unaipima adapta. Kisha chelewesha pakiti milisekunde 80 na upoteze asilimia 0.5 yake:

`tc qdisc add dev eth0 root netem delay 80ms loss 0.5%`

na kuondoa:

`tc qdisc del dev eth0 root`

Amri hiyo hugusa pakiti zinazotoka tu kwenye kadi hiyo. Kwa pande zote mbili irudie kwenye kadi ya pili. Ukiongeza mtikisiko wa muda, kwa mfano `delay 80ms 15ms`, kumbuka pakiti zinaweza pia kufika bila mpangilio, na hapo umeleta ubovu mara mbili.

Upotevu wa asilimia 0.5 ni kidogo kwa sikio. Kwa pakiti za milisekunde 20, yaani 50 kwa sekunde, ni shimo moja kila sekunde nne, na kila shimo ni sampuli 160. Modemu ya kasi huenda isimalize dakika. Pia usitumie kodeki za kubana: ADPCM ya kilobiti 32, mojawapo ya kodeki hizo, inapitisha biti 4,800 kwa sekunde lakini haifai kwa 9,600.

Kuiga setilaiti, weka milisekunde 270 kila upande na uzime vizima mwangwi vya adapta. Sasa mashine inasikia sauti yake ikirudi baada ya zaidi ya nusu sekunde. Kwa faksi angalia kipima muda cha kusubiri jibu, sekunde 3, na majaribio matatu kabla ya kukata tamaa. Ucheleweshaji wa setilaiti peke yake unaingia humo bila shida. Ukiongeza na akiba kubwa ya pakiti zinazosubiri kwenye adapta mbili, amri na jibu huanza kugongana. Jaribu milisekunde 300, 600, kisha 1,200 kila upande, usikilize kwa spika. Mgongano wa milio miwili ya faksi huujua kwa sikio kabla hujasoma kumbukumbu yoyote.

Hatua ya 7: Soma ukurasa uliotoka

Faksi ina uzuri wake: makosa yake yanachapishwa. Tuma kurasa tatu: moja ya maandishi, moja yenye kivuli cha picha, moja nyeupe karibu tupu. Zima usahihishaji wa makosa kwanza. Ukiona mstari mmoja mmoja umeharibika na unaofuata uko sawa, mashine zilikubaliana uandishi wa kawaida wa mstari kwa mstari. Makosa yakija kwa mafungu ya mistari miwili hadi minne, zilitumia ule wa pande mbili, ambao mstari hutegemea uliotangulia. Ukurasa uliokatika katikati huku mtumaji akisema "umefika" ni jambo la kuandika kwa wino mwekundu: mpokeaji alipaswa kukataa.

Kisha washa usahihishaji. Kurasa zitatoka safi, kwa hiyo sasa pima muda. Fremu ya baiti 256 kwa 9,600 huchukua sekunde 0.21, ukipiga mpasuko kila sekunde, fremu moja katika tano hivi itarudiwa. Baada ya maombi manne ya kurudia, mtumaji huamua kuendelea kusahihisha au kuachana na kilichobaki. Ujue mashine yako inachagua lipi. Ukiona amri zote za mwanzo zinapita vizuri na ukurasa tu ndio unaokufa, usishangae: amri huenda kwa biti 300 kwa sekunde, kasi inayostahimili karibu kila kitu.

Idadi ya simu

Simu kumi bila kufeli hazithibitishi mengi. Kiwango halisi cha kufeli bado kinaweza kufika asilimia 26 na wewe ukawa na bahati tu. Simu mia bila kufeli zinakishusha hadi asilimia 3. Kwa hiyo andika skripti ya kupiga usiku kucha, ubovu mmoja kwa usiku mmoja. Ukishamaliza ubovu mmoja mmoja, ndipo uchanganye; V.56bis ya ITU-T (shirika la kimataifa la viwango vya simu) ina modeli ya mtandao yenye michanganyiko iliyokwisha pangwa, nayo ni mahali pazuri pa kuanzia kuliko kubuni yako. Na asubuhi, kabla ya kusoma matokeo, piga tena simu tano za laini safi. Zikitofautiana na zile za Hatua ya 2, tupa usiku wote huo na uangalie klipu.